Bluu ya Bibi

Juzi muuguzi alipokuwa akinipapasa mkono kutafuta mshipa, nilimkumbuka bibi yangu, nikacheka peke yangu.

Bibi alikuwa mweupe, na mishipa ya mikono yake ilionekana ya bluu mpaka viwikoni. Alasiri moja, nikiwa mdogo, alikuwa uani kwetu Kariakoo, anasuuza kanzu nyeupe ya babu karaini kwa bluu ya kufulia, huku harufu ya vitunguu ikitujia kutoka jikoni kwa jirani. Leo najua damu ni nyekundu siku zote, ila mwanga ukipita kwenye ngozi unatudanganya macho. Wakati ule niliamini ile bluu ya kufulia ndiyo iliyomwingia mwilini.

Basi ukingo wa karai ukamkata kidole, ikatoka nyekundu. Nikajua bluu imemwisha na sasa anakufa. Nilichukua paketi nzima ya bluu nikaimwaga kwenye karai, huku nalia.

"Bibi, tia mkono upesi, bluu imekuishia."

Bibi aliutazama mkono wake, kisha akayatazama yale maji.

"Mimi nitapona, mjukuu wangu. Wewe nenda kamwambie babu yako kesho Ijumaa anaswali na kanzu ya bluu."