Leseni ya Dhahabu ya Mwalimu Kuramochi

Kwa miaka ishirini na minane Kuramochi Isao alifundisha udereva mjini Gotsu, na muda wote huo leseni yake ilikuwa na ule mstari wa dhahabu wanaopewa madereva wasio na kosa. Aliiweka pochini upande wa juu kabisa, ili hata muuza samaki aione akilipwa. Mwanafunzi akisahau taa, alimuuliza taratibu, "Vipi, umeamua kuwa mzuka?"

Jumamosi moja ya Novemba, mchana kweupe, alikuwa akimpeleka mkewe Fusae kwa dada yake kule Hamada, na kapu la figili kiti cha nyuma. Gari lao lilikuwa la zamani. Haya mapya yanayojiwashia taa yenyewe aliyadharau.

"Gari likianza kufikiri, dereva anaanza kusinzia," alikuwa akimhutubia mkewe walipoingia kwenye handaki refu la mlimani.

Mle ndani mlikuwa na mwanga wa kutosha, naye hakugundua kitu. Gari la kwanza lililotoka mbele likampigia taa. Kuramochi akapunga mkono. La pili nalo likampigia. Akapunga tena, tabasamu hadi masikioni.

"Wanafunzi wangu hao," akasema.

"Hata yule wa lori?" Fusae akauliza.

"Yule atakuwa wa zamani kidogo."

"Haya. Leo naona wote wamekukumbuka."

Walipotoka upande wa pili, polisi akawasimamisha. Alikuwa binti aitwaye Nagamine Rui. Kuramochi ndiye aliyemfundisha, na kabla ya kumpitisha alimfelisha mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikuwa nakimbiza?"

"Hapana. Umepita handaki zima bila taa."

Kuramochi akatazama swichi. Kweli, ilikuwa imezimwa. Akatafuta la kusema, na kilichomjia ni udhuru uleule aliokuwa akiwakatalia wanafunzi kila siku.

"Lakini mle ndani mna mwanga," akasema, na alipoisikia sauti yake mwenyewe, masikio yakawaka moto.

Rui akasita, kalamu mkononi.

"Andika tu, mwanangu," Fusae akamwambia. "Ukimwachia, atanihutubia mimi mpaka Hamada."

Rui akaandika: faini ya yeni elfu sita, na pointi moja ya adhabu kwenye rekodi ya Mwalimu. Faini aliilipa Jumatatu, yakaisha. Kilichomkata maini kilikuja mwaka uliofuata, alipokwenda kuhuisha leseni. Akapewa yenye mstari wa buluu, na badala ya somo la nusu saa la watu wasio na doa, akaelekezwa kwenye chumba cha somo la saa nzima.

Akaketi safu ya nyuma. Mkufunzi alipochora makutano ya barabara vibaya, mkono wa Kuramochi ulikuwa umeshafika begani ndipo akakumbuka amekaa upande upi wa meza. Akajifanya anajikuna shingo.

Bibi mmoja aliyeketi kando yake akampa peremende. "Mimi nilipita kibao cha kusimama," akanong'ona. "Wewe je?"

"Sikuwasha taa handakini."

"Maskini. Na unafanya kazi gani?"

Angeweza kusema yeye ni seremala. "Nafundisha udereva," akajibu.

Bibi akaziba mdomo kwa leso, lakini kicheko kikamponyoka hata mkufunzi akanyamaza kuwatazama. Na Kuramochi, aliyewahi kuwatoa nje wanafunzi kwa kosa hilohilo la kucheka darasani, akainamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika, machozi ya kicheko yakilowesha kitabu cha sheria.