Folda Iliyokaa Diski C

Walimfunga rafiki yangu kwa waya wa mtandao. Ule wa bluu, ambao vichwa vyake nilivibana mwenyewe siku tunafungua duka la Kasulu. Wamemkalisha chini, mikono nyuma ya mguu wa meza, mdomo umepasuka, na mpwa wa bosi kasimama mbele yake na mkanda mkononi. Hivyo ndivyo nilivyowakuta. Nilikuwa nimetoka Kibondo asubuhi, vumbi hadi kwenye kope, kwa sababu dada wa kaunta alinipigia simu akaniambia, "Kaka, njoo. Watamuua huyu."

Ulikuwa mwaka 2015. Mwaka ule malori yalikuwa yanapita na watu waliokimbia Burundi, yanawapeleka kambi ya Nduta. Rafiki yangu kazaliwa Kitahana, hukuhuku Kibondo, tumepigana na kupatana tangu darasa la kwanza, ila mama yake alitoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka ule hilo lilitosha. Wakikuita mwizi na Mrundi kwa pamoja, unapandishwa lori na hakuna anayekuuliza umezaliwa wapi.

"Kafuta kazi yote," mpwa akaniambia kabla sijasalimia mtu. "Kauza programu, kisha kafuta. Bodaboda wako hapo nje wanamsubiri. Mrundi wako anaenda kula mahindi ya msaada."

Nikampiga kichwa cha pua.

Sijui kuanza kwa maneno, ndivyo nilivyo. Alianguka juu ya kompyuta, kibodi ikaning'inia kwa waya wake, akainuka na damu kwenye meno, akanichapa na mkanda, ule upande wa chuma. Alama iko hapa juu ya jicho mpaka leo. Nilimshika shati nikambamiza ukutani mara moja, mara mbili, na ya tatu ningembamiza kama bosi asingetoka chumba cha nyuma, simu sikioni, anaongea na watu wa Buhigwe.

"Niko nao hapa, wazee wangu, inakamilika," anawaambia, huku anatuangalia. Akakata simu. "Inakamilika nini sasa? Niambieni."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mimi na rafiki yangu tulijifunza kompyuta kwa kuharibu za watu. Bosi, mwenye duka la intaneti Kibondo na lingine Kasulu, akatupa kazi ya kuandika programu ya kupimia kahawa kwa chama cha wakulima Buhigwe. Programu nzima, na kila badiliko tuliloliingiza, ilikaa kwenye tulichokiita ghala, na ghala liko kwenye seva, kompyuta kuu, chini ya meza yangu Kibondo. Hufanyi kazi ndani ya ghala. Unaichagulia kompyuta unayotumia folda ya kazi, inashusha nakala humo, unahangaika na hiyo nakala, ukimaliza unaipeleka ghalani. Kabla hujapeleka, kazi yako ipo kwenye folda yako tu. Na folda umeiweka wapi, ghala halijui. Huo ni mpangilio wa kompyuta yako mwenyewe.

Mpwa alikuwa na sheria yake: folda ya kazi inakaa deskitopu, kwenye kila kompyuta, ili mjomba akiingia aione. Mjomba akiona folda anaona kazi inakwenda. Rafiki yangu alipokuja Kasulu kuijaribu programu kwenye mizani, mpwa ndiye aliyempangia kompyuta, na folda akaiweka deskitopu. Mtandao wa kufika Kibondo ukakatika. Akawa anaandika tu, hapeleki, na kompyuta haizimi, kwa sababu Kasulu ukizima huna uhakika wa kuwasha. Jana yake umeme ukaondoka, betri ya akiba ikalia ikanyamaza. Umeme uliporudi, folda haipo.

"Hizi ni kompyuta za wateja?" nikamuuliza mpwa.

"Za wateja. Kwa hiyo?"

"Uliigandua hii?"

Akajifuta pua.

Kule Kibondo nilimwona anazigandisha. Flashi za wanafunzi zilikuwa zinaleta virusi kila siku, kwa hiyo kompyuta zote za wateja aliziwekea programu inayogandisha diski C: ukizima ukawasha, inarudi kama ilivyokuwa siku ya kugandishwa, na chochote ulichoongeza kimekwenda. Diski D haiguswi. Deskitopu iko C.

Nikakaa kwenye kompyuta ileile, damu inanidondokea kwenye herufi. Nikatengeneza folda deskitopu, nikaiita MWIZI. Nyingine diski D, jina hilohilo.

"Mzee, soma hapo."

"Nimesoma."

Nikang'oa waya wa umeme ukutani. Nikang'oa na ule wa betri. Nikawasha. Nje bodaboda walikuwa wanapiga honi, mmoja anauliza kama tunamtoa au waingie. Deskitopu ikaja, safi.

"Haya, mwizi kaenda wapi?"

Bosi akainama karibu kabisa na kioo. Nikamfungulia D. Ipo. Akageuka akamtazama mpwa wake, kisha akaenda mlangoni akawaambia wale wa nje, "Nendeni zenu. Hakuna mwizi humu. Ni upumbavu wa ndani ya nyumba yangu."

Waya niliukata kwa koleo. Vidole vya rafiki yangu vilikuwa vimevimba kama ndizi, vyeusi.

"Inuka, mwanangu, twende Kibondo," nikamwambia. "Kahawa yao wapime kwa mikono."

"Siendi."

"Wamekufunga kama mbuzi."

"Nikiondoka leo, watasema nimekimbia. Na lori linapita kila siku." Akatema damu, akavuta kiti pembeni yangu. "Nakumbuka karibu yote. Mimi siwezi kubonyeza. Kaa, uandike."

Nikakaa. Mpwa alikuwa bado yuko pale kwenye kona, na mikono yangu ilikuwa inamtaka.

"Muache," akasema rafiki yangu. "Anza na folda ya kazi. Iweke D."

Nikaiweka D.