Baba Yangu wa Ubatizo

Leo naweza kukisimulia kisa hiki kwa sababu ile kazi ya ukarani pale Kigali alishapewa mtu mwingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sikujua CV inaandikwaje, nikamwomba jirani yangu Anastazi nakala ya CV yake. Nikabadilisha jina, shule na tarehe ya kuzaliwa. Mdhamini nikamwacha yuleyule: Bwana Kalisti, baba yake wa ubatizo, ambaye sikuwahi kumwona hata siku moja. Baba yangu mimi wa ubatizo alikuwa muuza mbuzi, nikaona hatanisaidia.

Siku ya usaili, mzee mwenye miwani aliisoma karatasi yangu polepole hadi mstari wa mwisho.

"Huyu Kalisti ndiye baba yako wa ubatizo?"

"Ndiyo, mzee. Kila Noeli anakula kwetu."

"Ni mtu wa namna gani?"

Hapo ningesema "mwema" nikanyamaza. Lakini mdomo wangu ukishaanza hauna breki. Nikamweleza kwamba ni mpole, mnene kidogo, anapenda sana maharage ya mama, na kwamba siku ya ubatizo wangu alisinzia kanisani mpaka padri akamwamsha.

Mzee akavua miwani. Mara mlango ukafunguliwa, sekretari akachungulia.

"Bwana Kalisti, wageni wako wamefika."

"Waambie wangoje kidogo," mzee akajibu bila kuniondolea macho. "Niko na mwanangu wa ubatizo. Ananikumbusha jinsi nilivyosinzia."