Hatua Mia na Ishirini

Jamani, aibu hii nimeificha mpaka imechoka kufichwa, kwa hivyo wacheni niitoe mwenyewe kabla mtu mwingine hajaitoa vibaya.

Mnajua nimefundisha hesabu hapa karibu na Ikonge miaka mingi, na sijawahi kuona mtoto akiikimbilia hesabu (hata wangu). Basi akaja Mwalimu Akinyi kutoka kule ziwani na mchezo wake wa kusaka vitu: anaficha vikaratasi shuleni kote, ukitatua swali la hesabu linakupeleka kwa mti fulani, pale unakuta swali la sayansi, halafu kitendawili, mpaka mwisho unapata mnyama mdogo aliyechongwa kwa jiwe laini la Tabaka, na ni wako. Watoto wakaanza kufika kabla ya kengele. Moraa wangu, wa darasa la nne, kila jioni ni "Mwalimu Akinyi amesema" mpaka ugali unapoa. Nilimwonea wivu yule mwanamke, siwafichi.

Alhamisi, nikiwa peke yangu ofisini, nikauona mfuko wake wa wale wanyama, nikautia kwa mkoba wangu, nikaenda kuuzika ndani ya debe la wimbi jikoni kwangu. Ijumaa jioni tukifungua Sabato, Moraa akamwomba Mungu amwonyeshe Mwalimu Akinyi mfuko wake ulipopotelea, na mimi, macho nimefumba, nikasema amina.

Siku ya wazazi ikafika, Akinyi hana zawadi, nikajitolea kuuendesha mchezo mimi. Jibu la swali la mwisho lilikuwa hatua mia na ishirini kutoka lango la shule, moja kwa moja, mpaka kwenye majani chai yetu (boma letu limepakana na shule), ambako nilikuwa nimeficha mkungu wa ndizi mbivu. Nilipima mwenyewe, kwa miguu yangu hii mirefu. Mwamuzi alikuwa mwenyekiti wa wazazi, ambaye pia ni baba mkwe wangu.

Sasa mtoto wa darasa la nne ana miguu gani? Hatua zao mia na ishirini ziliishia kwenye mlango wa jikoni kwangu, wakaingia wote. Nikakimbia, lakini mzee alikuwa ametangulia, amesimama mbele ya mlango, na chinsoni yetu mnaijua: heshima haimruhusu kuingia jikoni kwa mke wa mwanawe, nami siwezi kumsukuma nipite wala kupaza sauti mbele yake. Nikasema kwa sauti ya kanisani, "Watoto, si hapo." Nani asikie?

"Tafuteni vizuri," mzee akawaambia. "Mkipata, leteni hapa nje nione."

Moraa ndiye alitoka mbele, wimbi mpaka kwa nywele. "Babu, tumepata. Lakini huu ni mfuko wa Mwalimu Akinyi."

Wazazi wote wakaniangalia. Akinyi akaangalia mfuko, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Nilimpa Mwalimu Kemunto aniwekee. Ofisini kuna panya."

(Panya na mawe, wapi na wapi.) Mzee akasema nyumba yake imeoa mtu wa kuaminika, akataka nipigiwe makofi, nikapigiwa. Afadhali ningetukanwa.

Watu walipotawanyika nikamwomba Akinyi msamaha, nikilia. Akasema, "Siku nyingine, mwalimu, pima na mtoto." Naapa, kitu cha mwenzangu, hata kalamu, sigusi tena, na siku hizi nikipima natembea na mtoto.

Lakini jioni hiyo Moraa aliacha chakula chake akaniuliza, "Mama, kama mfuko ulikuwa nao wewe, mbona Ijumaa ulisema amina?"

Hilo swali sijalijibu mpaka leo, na mwalimu ni mimi.