Sinia la Funguo

Juzi nimekaa kwa binti yangu hapa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nimevaa sweta mbili na soksi, maana baridi ya huku haina adabu, mara simu ya mkwe wangu ikalia. Ujumbe wa baladia, manispaa yao. Akanisomea: kesho mvua. Malori ya kunyonya maji yatapita asubuhi, wakaazi waondoe magari upande wa chini wa barabara, na uwanja ulio nyuma ya msikiti umefunguliwa, mtu aegeshe bure mpaka mvua ipite. Wakataja hata pa kuchukua magunia ya mchanga ya kuzibia mlango.

Nikamwambia asome tena. Akadhani sikusikia. Nilisikia sana. Nilipokuwa mtoto, kazi yote hiyo ilifanywa na bibi yangu na sinia la bati.

Mie nimekulia Jeddah, Al-Baghdadiyah, ndani ya uchochoro ambao magari mawili yakikutana, moja hurudi nyuma. Bibi, mzaa mama, alitoka Unguja, na mpaka anakufa alikaanga vitumbua kama yuko kwao. Kipupwe cha Jeddah si baridi, ni mvua. Mwaka mzima mbingu imefunga mdomo, halafu siku moja inamwaga yote kwa mpigo. Mitaro ya kupokea maji hatukuwa nayo, na sisi tuko bondeni.

Baladia ya wakati ule ilikuwa na lori lenye bomba refu la kunyonya maji. Watoto tukiliita tembo. Ukiliita linakuja, hilo siwezi kuwasingizia. Taabu ilikuwa kuingia. Wapangaji wengi walikuwa madereva wa majumba makubwa, na kila mmoja akiondoka na gari moja la bosi, jingine amelibana ukutani kwetu. Tembo atapita wapi?

Basi bibi akaweka sheria. Wingu likikaza, kila dereva kabla hajaenda kazini atie ufunguo wa gari analoliacha kwenye sinia, mlangoni pa bibi. Kusoma hakujua, kwa hiyo kila ufunguo aliufunga kipande cha kanga, na kipande cha kanga hiyo hiyo akakifunga kwenye kioo cha gari lake. Tembo akifika, mwoka mikate wa pale kona alifuta unga mikononi, akachukua funguo, akayasogeza magari moja moja, na bibi nyuma yake anamkaripia asikwaruze. Jioni madereva walirudi wakakuta uchochoro mkavu, vitumbua, na chai ya tangawizi inayochoma koo. Hakuna aliyelipwa, wala hakuna aliyedai.

Mwaka aliozaliwa ndugu yangu alihamia dereva mpya kutoka Mombasa, mtanashati, viatu vinang'aa. Asubuhi ya wingu bibi akamnyooshea sinia. Yule bwana akacheka.

"Bibi, ufunguo wa gari la bosi si wa kutiwa kwenye sinia la vitumbua."

"Haya," bibi akasema. "Mvua haimjui bosi wako."

Akaondoka na gari moja, na la pili akaliacha limekaa kinywani mwa uchochoro, ufunguo mfukoni mwake.

Adhuhuri mbingu ikapasuka. Mama yangu alikuwa amejifungua juzi yake, kwa taabu, damu nyingi, na mkunga alikataza asiinuliwe wala asipandishwe ngazi. Amelala chumba cha chini na kichanga kifuani. Maji yakaingia mlangoni, yakawa kwenye mkeka, yakapanda matendegu ya kitanda. Tulikuwa tunachota kwa sufuria na yanarudi. Mama alimwinua mtoto juu zaidi kifuani.

Tembo akafika, akasimama barabarani. Dereva wa lori akalitazama lile gari, akatikisa kichwa. "Mafi, hajja." Hakuna njia, na toka pale bomba halikufika kwetu.

Sasa sikiliza. Nyumba ya kona ilikuwa ya mke wa mfanyabiashara, Mhijazi, yenye mlango mmoja barabarani na mwingine uchochoroni, mkabala na kwetu. Mama yule alikuwa na zulia jekundu sebuleni ambalo sisi watoto tuliliogopa kuliko mwalimu wa chuo cha Kurani. Ukikanyaga ukingo wake tu, ukoo wako wote utatajwa. Bibi alikwenda akasimama mlangoni pake, maji magotini, akamwambia kwamba kuna mzazi kitandani.

Yule mama alifungua milango yote miwili kwa mikono yake. Zulia hakulikunja, alisema hakuna wakati. Bomba la tembo likapita katikati ya sebule, likitapika tope jeusi kwenye maungio, juu ya zulia, mpaka chumbani kwetu. Naye amesimama kando, baibui imelowa, anasema yalla, yalla, haraka. Maji yakashuka kabla hayajafika godoro.

Yule bwana wa viatu vya kung'aa alirudi jioni, akaelezwa na mwoka mikate. Bibi hakumsuta. Alimpa chai. Kesho yake kulikuwa na jua kali, mbingu haina hata doa, na yeye akaja akatia ufunguo kwenye sinia. Halafu akaenda nyumba ya kona, akaosha zulia lile barabarani kwa miguu mitupu. Tope halikutoka lote. Mama yule akalitandika hivyo hivyo, na toka siku hiyo tukalikanyaga.

Ndugu yangu leo ana mvi.

Kesho yake mvua ilinyesha hapa Al-Naseem kama ilivyoandikwa. Malori yalipita, mpaka adhuhuri barabara kavu, na mie nawasifu, kazi safi. Ila kabla hayajapita niliona dirishani gari la jirani limesahauliwa upande wa chini. Nikamwambia mkwe wangu akamgongee. Akasema, "Mama, mie hata jina lake silijui." Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe. Mtu akatoka, akashukuru, akasogeza gari, akafunga mlango.

Nimemwomba binti yangu sinia. Nimeliweka hapa mlangoni. Mpaka leo lina ufunguo mmoja, wa mkwe wangu, na nimeufunga kipande cha kanga.