Karani wa Seva Pepe

Asubuhi ya mwisho kabla hajalazwa hospitalini, mke wa Mzee Luhaga alikunywa uji amesimama, kama kawaida yake, kidole kikitembea juu ya tangazo la kampuni ya pale Nyegezi alikokuwa karani. Kampuni hiyo ilipangisha kompyuta za kuhifadhia tovuti. Mzee hakwenda shule, lakini ugomvi wa mkewe na bosi wake aliujua: kompyuta moja waligawana wateja ishirini, na fungu la kila mmoja liliitwa seva pepe. Bosi kila mara aliandika "seva yako peke yako". Mama kila mara aliyakata maneno hayo na kuandika "seva pepe", taratibu, kucha ya kidole gumba ikiwa nyeupe kwa kubana kalamu. Simu ikalia, ni bosi, akaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama. Pepe, pepe, kila siku pepe! Wateja watadhani tunawauzia hewa. Rudisha maneno yangu, la sivyo kesho usije."

"Marahaba, Jitesh." Akamalizia uji. Mzee alimwona akikaza kilemba kwa mkono mmoja. Sauti haikupanda hata kidogo. "Kesho nisije, sawa. Lakini leo bado mimi ni karani wako, mwanangu, na leo tangazo linatoka likisema seva pepe."