Kifungo Chumbani kwa Mukwe

Nilipoanguka shambani kule Lweba na nyonga ikavunjika, binti yangu alitaka nikauguzwe kwake Baraka. Mi sikupenda. Kwetu mama haingii chumba cha kulala cha mukwe wake, hamtazami usoni, hamwiti kwa sauti. Sasa utakaa vipi nyumbani kwake wiki kwa wiki?

Mukwe wangu ni mtu mzuri, hilo nasema wazi. Nikiwa bado kwa muunga mifupa, alikwisha kununua ventilatere ya kunipepea, akaifunga darini juu ya kitanda nitakacholalia, maana mabati ya Baraka yanachoma. Waya akaupitisha ukutani mpaka chumbani kwao, kwenye batri ya jua, na kifungo cha kuwashia akakiweka huko huko, batoto wasikichezee. Binti alinieleza, nami nikaitikia. Hakuna aliyefikiri zaidi.

Nilipofika kwao, binti aliiwasha asubuhi, akaenda sokoni kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Ile kitu ilizunguka kama ina hasira. Mvua ilipotoka ziwani, mi nikatetemeka chini ya kitenge, na mukwe yuko salon, chumba cha wageni, hatua tano tu. Kumwita siwezi. Kuingia kwao siwezi. Siku ya tatu nilianza kukohoa, na kila kikohozi kinapiga nyonga. Nikamwambia binti anitafutie pikipiki ya kunirudisha Lweba.

"Na mufupa huu, mama? Utuache juu ya ventilatere tu?"

"Juu ya heshima. Ita mwenye pikipiki."

Usiku huo alimweleza bwana yake. Kesho yake, binti akiwa sokoni, nyayo zilisimama nje ya pazia la mlango wangu. Mukwe akakohoa kidogo, akaanza kuongea na pazia.

"We pazia, yule mama aliye nyuma yako anataka telekomande ya kushika mkononi, kifungo cha ukutani, ama kamba ya kuvuta?"

 Kisha na mimi nikaliambia pazia. Telekomande sitaki: sikusoma, vifungo vyote vile nitavijuaje? Na ikianguka chini ya kitanda, nani ataniokotea? Cha ukutani ni kizuri, unakizungusha ukihesabu mwendo wake, lakini ukuta uko mbali na mi siwezi kusimama.

"Kamba," nikasema. "Ndefu, ifike mkononi."

"Pazia, umwambie mama anisamehe. Sikufikiri."

"Umwambie na mi niliitikia. Kosa ni letu wote."

Bamama majirani walinibeba mpaka uani, nikakaa nikiipa nyumba mgongo hadi mukwe alipomaliza kufunga kamba. Niliporudishwa kitandani nikavuta kamba: mara ya kwanza mbio, ya pili polepole, ya tatu ikazima. Nikaivuta tena na tena, sina haya kusema.

Binti aliporudi aliniambia mwenye pikipiki yuko mlangoni, anangoja. Nikasema ampe maji ya kunywa, kisha amwache aende zake.